Kifuniko Kisichofunga

Cheka tu. Ukishamaliza kunionyesha hayo meno, kaa kitako usikilize, maana aliyenihadithia hakuwa mlevi wala mtoto. Alikuwa dobi, bibi mzima, mwenye ulimi mkali kuliko pasi yake.

Jioni moja alikwenda kwa mkwewe, mke wa mwanawe, kumwagilia mimea. Mkwe alikuwa hospitali na binti yake mdogo. Mtoto alikutwa barazani akilamba ukingo wa kibuyu cha mmea mmoja, na tangu hapo hakutoa sauti. Daktari alimulika koo, hakuona kitu.

Mimea yenyewe ni ile inayokula wadudu. Majani yake huning'iniza vibuyu, kila kibuyu na kifuniko chake. Mkwe aliikusanya kama wenzake wanavyokusanya vyombo vya kabatini. Alishamweleza dobi: maji ya mvua tu, ya bomba yanaiua. Na kifuniko hakifungi kamwe, ni mwavuli. Mdudu hafungiwi, hufuata utamu wa ukingoni, akateleza mwenyewe.

Dobi akamjibu kwamba hata mwanawe alinaswa hivyo hivyo.

Basi akawa anamwagilia, kopo baada ya kopo. Pale barazani palinukia asali... na chini ya asali, nyama iliyolala.

Akafika kwenye kibuyu kikubwa cha pembeni.

Kifuniko kilikuwa kimefungwa.

Akainama. Ndani kitu kikakwaruza... kikatulia... kikakwaruza tena.

"Bibi..." Sauti ya mjukuu wake, nyembamba. "Bibi mpenzi, nifungulie."

Kidole cha dobi kilishagusa kifuniko. Kilikuwa na joto, kama shavu. Akikibandua tu, mtoto atasema tena.

Kidole kikasita.

Bibi mpenzi? Wao wawili, mama mtu asiposikia, huitana Kikongwe na Mbu. Hayo ndiyo mapenzi yao.

"Mjukuu wangu hana adabu kiasi hicho," akanong'ona.

Akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, macho kwenye kibuyu. Akashika kitasa.

Kukwaruza kukakoma.

"Kikongwe..." Sauti sasa ilikuwa inalia. "Ni mimi, Mbu wako."

Majina hayo dobi hakuyatamka. Aliyafikiria tu, ameinama pale.

Mtoto hajasema hadi leo, na dobi hajui alimwacha nani mle ndani.

Alitoka. Akafunga mlango.