Kibao Chekundu cha Ufuko wa Kwanza

Mwili ulikuwa umelazwa juu ya mchanga mkavu, umefunikwa taulo mbili kwa sababu moja haikutosha. Inspekta alipiga goti, akafunua upande wa uso, akatazama, akafunika tena. Alikuwa mwanamke ambaye hajafika arobaini. Povu jepesi puani, hakuna jeraha, hakuna alama shingoni. Daktari wa polisi alisema amekufa maji, akaanza kuvua glavu kana kwamba shughuli imekwisha.

Kwa Inspekta haikuwa imekwisha. Kilichomkera ni simu iliyowatoa kituoni. Aliyepiga alikuwa Mwenyekiti wa umoja wa wenye majumba ya likizo yaliyopangana juu ya ufuko wa jirani, ule wa kwanza. Hakuulizia gari la wagonjwa. Aliomba maiti iondolewe kabla wageni hawajashuka kupata kifungua kinywa.

Mume wa marehemu, fundi cherehani, aliketi pembeni na binti yao amejikunja mapajani mwake. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtu. Mkewe alikuwa mkunga. Sikukuu zote alikuwa kazini akizalisha watoto wa wenzake, na hii ndiyo likizo yao ya kwanza pamoja. Waliulizia kabla ya safari, wakaambiwa eneo hili lina fukwe tatu za umma: wa kwanza umekingwa na mwamba na maji yake yametulia, wa pili uko nyuma ya majabali, wa tatu ni mawe matupu. Kwa ajili ya mtoto wakachagua wa kwanza.

"Mbona hamkubaki kule?" Inspekta aliuliza.

"Tulikuta kibao, afande. Chekundu. Hatari, mkondo mkali, usiogelee."

"Na huku?"

"Huku hakuna kibao. Mke wangu akasema kwa mtoto hatubahatishi, tuje huku."

Maji yalimvuta binti kwanza. Mama alimfikia, akamsukuma kwa baba yake kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Hazikubaki za kumrudisha yeye.

Inspekta alinyanyuka. Koplo aliyefuatana naye, ambaye kituoni wote walimwita Polepole kwa kejeli, kwa jinsi alivyoendesha gari kwa fujo, alizaliwa karibu na pale. Alimvuta kando akamwambia kwamba mkondo uko huku, ufuko wa pili. Tangu utoto wake kibao cha halmashauri kilisimama hapahapa.

Mtu alikuwa amekihamisha.

Mwenyekiti aliteremka kwa ngazi za mawe, akazunguka majabali, shati limepigwa pasi, uso mkavu. Hakuwatazama wafiwa. Alimnyooshea kidole muuza juisi aliyekuwa amesimama na nguo zinazochuruzika maji. Huyo, alisema, ndiye anayefaidika watu wakisukumwa huku kwenye meza yake.

Inspekta alimhoji muuza juisi palepale.

"Nguo zako zimeloa kwa nini?"

"Nimemtoa yule mama majini."

"Ulifika saa ngapi?"

"Nilifika nikasikia kelele, afande. Laiti ningewahi. Ningewakataza."

Mume aliitikia kwa kichwa. Bila mtu huyu, wangekuwa bado wanautafuta mwili. Inspekta alimgeukia Mwenyekiti, lakini alikuwa ameshapanda ngazi zake.

Hapohapo ufuko wa pili walikuta shimo lililofukiwa haraka, mchanga wake bado laini. Ndani yake kulibaki kipande cha zege la zamani. Walikwenda ufuko wa kwanza wakafukua mguu wa kibao chekundu. Kipande kile kilikaa barabara kwenye pengo la zege la zamani lililong'ang'ania nguzo. Kulizunguka palikuwa na saruji mpya, na ndani ya saruji hiyo kokoto ndogo za rangi ya waridi. Ufukweni hazikuwako kokoto za namna hiyo. Zilikuwa zimetandazwa kwenye njia ya gari ya jumba moja tu, lililokuwa juu yao.

Mwenyekiti aliwapokea barazani. Alisema kokoto huchukuliwa na yeyote, na kwamba mlinzi wake ni mtu wa kuropoka, wasimsikilize. Hakuna aliyekuwa amemtaja mlinzi.

Inspekta alisogea ukingoni mwa baraza. Alikuwa akitazama nguo za kuogelea za watoto zilizoanikwa kwenye ukuta wa baraza, zikidondosha maji.

"Za nani hizi?"

"Wajukuu zangu."

"Wameogelea wapi? Bwawa lako naona limekauka, mafundi wamo ndani."

Mwenyekiti alianza kuzianua nguo zile.

"Asubuhi hii umewaruhusu wajukuu zako waingie baharini mbele ya kibao cha hatari. Babu gani anafanya hivyo, kama hajui kwamba kibao ni cha uongo?"

Mwenyekiti akakaa. Kisha yakatoka yote, kwa sauti ya mtu anayelalamika, si anayetubu. Mlinzi alichimba, yeye alisimamia. Alikuwa ameiomba halmashauri ifunge ufuko wa kwanza, ikamjibu kuwa ufuko ni wa umma. Amefanya kazi maisha yake yote apate utulivu, alisema, halafu akifungua dirisha anaona masufuria ya watu, redio za watu, watoto wa watu wakikojoa mchangani.

"Si ungechonga kibao kingine?"

"Kipya wangekishuku. Kile kina nembo ya halmashauri."

"Ulijua watahamia ufuko wa pili."

"Nilijua."

"Na mkondo ulijua uko wapi."

"Nilidhani wataogopa maji wenyewe. Sikutaka mtu afe. Nilitaka wasije tu."

Inspekta alimfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida alimwachia Koplo. Alizibana mpaka mwenzake akamgusa bega, naye akazilegeza kidogo.

Mume aliambiwa kabla gari la maiti halijaondoka. Inspekta hakumficha neno, hata yale masufuria. Fundi alisikiliza hadi mwisho, akamhamishia binti kwenye bega la pili, akatazama majumba yale meupe.

"Angetuambia tu tuondoke," alisema. "Tungeondoka."

Katika yote aliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililomchoma Inspekta kuliko yote.

"Hamkupaswa kuondoka," alisema.