Pingamizi la Siku ya Thelathini

Jua lilikuwa karibu kuzama wakili Gerishom alipoegesha gari kando ya njia ya Kakuyuni, nje kidogo ya mji wa Malindi. Alikuja kubandua karatasi. Basi. Ilani ya kubadili shamba kuwa kiwanja cha nyumba za kupangisha ilikuwa imetimiza siku thelathini pale pale shambani, kama baraza la mji lilivyotaka mwaka ule wa 1986. Asipotokea wa kupinga kabla ya jua kutua, kesho angepeleka faili na kibali kingetoka.

Shamba lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Mramba, aliyefariki kabla Gerishom hajaoa. Aliyeuza ni shemeji yake, Randu. Ni Randu pia aliyemwonyesha pa kupigilia ilani: nguzo ya mbao ngumu, imesimama peke yake, imekatwa juu kwa msumeno.

"Nguzo ya zizi la mbuzi hiyo, shemeji. Gonga tu! Watu wa bara mwaogopa hata miti?" Wakacheka. "Makaburi yetu yako Kakuyuni. Na dada usimwambie mpaka kibali kitoke. Nataka nimfurahishe."

Gerishom hakumwambia mkewe. Aliapa kwa maandishi kwamba shamba halina kaburi wala kumbukumbu ya mfu. Akapiga msumari wa inchi nne.

Jioni ile ile mkewe, Kahonzi, alishika kifua.

"Kama kitu kimenipenya," alisema.

Madaktari hawakuona kitu. Siku ya tatu akafariki.

Sasa Gerishom alisimama tena mbele ya nguzo. Ilani ilikuwa imepauka. Vichaka vilikuwa kimya mno... Kisha ikaja harufu. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani. Harufu ya nywele za Kahonzi.

"Wakili."

Nyuma ya nguzo aliketi mtu mzima, amejitanda shuka. Kivuli cha kichaka kilimfunika kuanzia shingoni kwenda juu. Gerishom aliinama amwone uso.

Hakuuona.

"Shikamoo, mzee."

"Pingamizi lapokewa bado?"

"Mpaka jua litue."

"Basi andika, mwanangu."

Kwa mazoea ya kazi, Gerishom akatoa fomu. "Jina?"

"Wajua shamba ni la nani."

Gerishom akaandika jina la Mzee Mramba.

"Na... sababu?"

"Mwanangu wa kuzaa alinikata kichwa akakiuza kwa wageni, kiwe pambo la ukutani. Nikanyamaza. Kisha mkwe wangu akanigonga msumari kifuani." Sauti ikashuka. "Nikamwita binti yangu aje auchomoe."

Gerishom alinong'ona, "Akaja?"

"Alikuja. Hawezi kuuchomoa. Vidole vyake havishiki tena chuma."

Karatasi ya ilani ikatikisika. Upepo haukuwepo.

Kra... kra...

Kucha zilikuwa zikikwaruza msumari. Polepole. Kwa subira ya mtu aliyekuwa kwenye kazi hiyo siku ishirini na saba.

Gerishom aliangusha fomu, akaushika msumari kwa mikono mitupu. Akavuta. Akavuta hadi damu ikamtoka vidoleni, akiliita jina la mkewe. Ukatoka.

Mkwaruzo ukakoma.

Jua likazama. Nyuma ya nguzo hapakuwa na mtu.

Asubuhi Randu aliingia ofisini akitabasamu. "Vipi shemeji, umeipeleka?"

Gerishom aliweka msumari mezani.

"Ile nguzo ni ya nini, Randu?"

Tabasamu likafa.

"Kigango cha baba," alisema Randu kwa sauti ya chini. "Tulimchongea alipofariki, roho yake ikae humo, tumkumbuke. Dada alikuwa mdogo... Mzungu alitaka kichwa tu." "Nilidhani bila kichwa hasikii."

Gerishom alifungua faili. Fomu aliyoiokota mchangani ilikuwa na jina na sababu, kwa mwandiko wake. Lakini mahali pa shahidi, ambapo hakuandika chochote, palikuwa na alama ya kidole gumba, rangi ya kutu. Mstari wa kovu uliikata katikati. Alilijua kovu lile. Kahonzi alilipata kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mwaka wa kwanza wa ndoa yao.

Akachukua muhuri, akapiga: *Limepokelewa.* Tarehe ya jana.

Alipoinua macho, Randu alikuwa amefungua vifungo vya shati, akijipapasa shingo, mbele na nyuma, kama atafutaye mahali panapowasha.