Feni Zilizozunguka Kinyume

"Muuaji!"

Ndivyo baba yangu mzazi alivyoniita mbele ya majirani wote, mvuke bado ukitoka kwenye gari yake iliyorudishwa kwa kusukumwa.

"Glodie, ulitaka kuua Mama Véronique na mutoto mu tumbo!"

Ndugu wasomaji, simameni dakika moja kwa heshima ya jina langu. Lilifariki hapa Bunia, siku ya samedi, yaani Jumamosi, saa tisa mchana.

Mama Véronique ni jirani yetu. Uchungu ulimshika, na Papa, ambaye ni infirmier, muuguzi ambaye majirani humwita Docta, akampakia garini. Hawakufika mbali. Mshale wa joto ulipanda, maji yakachemka, gari ikazimika katikati ya barabara! Motard mmoja wa pikipiki ndiye aliyemfikisha maternité kujifungua. Mtoto alizaliwa salama, Mungu asifiwe.

Lakini mkosaji alitafutwa. Na kwenye parcelle yetu, yaani nyumbani kwetu, mkosaji hujulikana kabla ya kosa.

Ni kweli, siku ya Pâques, yaani Pasaka, niliingiza filimbi kwenye bomba la moshi la pikipiki ya pasta. Ilipiga mluzi mpaka mlangoni mwa kanisa! Nilikiri. Nilichapwa. Nilidhani kesi imefungwa...

"Lundi hauendi internat," Papa akasema. "Utaenda Gety kwa shangazi yako. Utalima."

"Papa, sikugusa gari!"

"Nyamaza!"

Jumatatu hiyo ndipo ningerudi shule yangu ya bweni, na nilibakiza mwaka mmoja nipate diplôme. Mwaka mmoja tu!

Wiki mbili kabla, moteri ya gari ilikuwa imekufa. Papa akaleta nyingine ya occasion, iliyokwisha kutumika, kutoka Mahagi, fundi Didier akaifunga. Sasa Didier akaitwa. Alikuja amenuna.

"Docta, mi niliacha gari muzuri. Ulitembea nayo wiki muzima bila shida. Si ni vile?"

"Ni vile," Papa akajibu.

"Basi kuko mutu aligusa waya."

Macho yote yakanigeukia. Hata mbuzi wa jirani aliniangalia!

"Kama ni mimi," nikasema, "muniache nitafute kitu kenye niliharibisha."

Didier akacheka. "Petite, weye unajua nini ya moteri?"

"Nasoma fizikia, Papa Didier."

Tukaanza. Maji yalikuwa yamejazwa upya, hayavuji popote. Fyuzi nzima. Tukawasha moteri, tukangoja ipate joto. Feni mbili zilizo nyuma ya radiateri zikaanza kuzunguka, vuuu!

"Unaona? Zinazunguka," Didier akasema.

"Zinazunguka, ndiyo. Zinavuta ao zinasukuma?"



Feni hizo zina kazi moja: kuvuta hewa ya nje ipite ndani ya radiateri. Nikachana ukurasa wa daftari, nikauweka mbele ya radiateri. Ulipaswa kunata.

Uliruka ukanipiga usoni!

"Eh! Zinaenda kinyume!" Didier akashika kichwa.

Upepo wa feni ulikuwa ukipigana na upepo wa barabara, na maji yakakosa wa kuyapoza.

Didier akainama kufuata waya. Wiki mbili zilizopita, waya mbili za feni aliziunga kwa mkono wake, maana plagi ya moteri mpya haikulingana na ya zamani. Alizifunga kwa utepe mweusi.

Sasa zilikuwa zimefungwa sparadrap nyeupe, ile plasta ya vidonda! Ncha yake imekunjwa kidogo, ili siku ya kuibandua mgonjwa asiumie.

Magoti yangu yamefungwa hivyo tangu utoto. Ninaijua ile ncha.

Nikamtazama Papa. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Didier naye aliona. Alizigeuza waya, hii mahali pa ile, ukurasa ukanata kwenye radiateri, akakusanya vyuma vyake.

"Docta, nimemaliza," akasema. Akaondoka.

Nikamfuata Papa nyuma ya nyumba.

"Papa, ulijua?"

"Waya zilichomoka jeudi, siku mbili kabla. Mi nashonaka watu kila siku, waya mbili zinishinde? Lakini zote zilikuwa nyeusi..."

"Na wakati uliniita muuaji?"

"Nilikuwa na mashaka kidogo."

Kidogo!

"Glodie, weye elewa. Watu wakijua, nani ataniletea mutoto yake nimupige sindano? Lakini weye... weye walishakuzoea."

Akarudi mbele ya watu, akasafisha koo.

"Mutoto ametengeneza kenye aliharibisha. Mimi ni mzazi. Nimemusamehe. Lundi anarudi ku masomo."

Wakapiga makofi! Mama mmoja akapangusa machozi. "Docta, uko na roho muzuri!"

"Sema merci kwa Papa yako," akaniambia yule mama.

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikaifikiria Gety na jembe.

"Merci, Papa."

Wadogo zangu mnaopenda mizaha kama mimi, sikieni. Kila mnapochekesha watu, kuna mtu mzima anaweka kumbukumbu. Siku atakayokosea yeye, atawavisha kosa lake, na litawakaa sawasawa, bila mtu hata mmoja kuuliza.

Niko internat sasa. Nimesamehewa rasmi, mbele ya mashahidi. Dimanche, yaani Jumapili, Papa alikuja kunitembelea na mandazi, akaniuliza kama bado nina kinyongo.

Nikamwambia hapana.

Na yeye, kwa mara ya kwanza, aliniamini.