Kufuli Kwenye Simu ya Haidari

Majirani zangu wa Viwanja Sitini, na ninyi wengine wa bonde hili mnaoingiza simu majumbani siku hizi, nipeni masikio. Mimi ni Wilhelmina, mpika vitumbua wa mbele ya duka la Haidari. Haya niliyaona kwa macho yangu, na lawama nyingine ni yangu.

Tulikuwa tunakaa vizuri. Asubuhi Salha, mke wa Haidari, alinitolea maji ya kuoshea vyombo, na Febronia, mjane wa nyumba ya pili, alileta cherehani yake kwenye kibaraza chao kwa sababu ndani kwake kuna giza. Tuliazimana chumvi bila kuhesabiana.

Mwaka 1996 nguzo za simu zikafika mtaani kwetu. Haidari alirudi na karatasi ya bei, akaipigia hesabu wiki nzima: gharama ya kuunganishwa, kodi ya mwezi, bei ya kupiga Morogoro, bei ya kupiga Dar. Febronia, ambaye zamani alikuwa opereta wa simu kwenye kiwanda cha sukari, akamshauri.

"Kaka Haidari, laini moja wanaruhusu nyumba mbili. Tukichangia, kodi ni nusu kwa nusu."

"Nusu ya kodi sawa, dada, lakini na maneno yangu utayasikia. Nataka yangu peke yangu."

Hapo simlaumu, kila mtu ana siri zake. Simu ikawekwa dukani, na Haidari akatia kikufuli kwenye tundu la kuzungushia namba. Simu ikifungwa hivyo inapokea tu, haipigi. Ufunguo aliufunga kiunoni, hata Salha hakumpa.

Jumanne moja nilikuwa dukani nanunua mafuta, simu ikalia. Alikuwa Evodius, kaka yake Febronia, anapiga kutoka Kidatu. Alipaza sauti hata mimi nikasikia: mama yao amezidiwa, Febronia apande gari leo hii.

"Hapa si posta, bwana," Haidari akasema. "Leo nikimwita mmoja, kesho mtaa mzima." Akakata.

Febronia alikuwa hatua kumi kutoka pale, anashona. Nami nilinyamaza. Nilikuwa natamani siku moja Haidari anikubalie nimpigie mwanangu Morogoro, basi sikutaka kumuudhi. Nilichukua mafuta yangu nikaondoka, na aibu ile ninayo mpaka leo.

Habari zilimfikia Febronia siku ya Ijumaa, kwa mtu aliyeshuka kwenye treni. Alipofika Kidatu alikuta mama yake keshazikwa. Evodius akamweleza yote. Aliporudi hakugombana na mtu. Aliiondoa cherehani yake kibarazani kwa Salha, akawa anashona ndani kwake, kwenye giza lake.

Miezi miwili baadaye Haidari alikwenda kijiji cha Mbingu kununua mpunga, na ufunguo kiunoni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Niliingia dukani kutafuta sukari, nikamkuta Salha chini, mimba ya miezi saba, damu imelowesha kanga.

"Simu, dada Wilhelmina," akasema.

Simu gani? Niligonga lile kufuli kwa jiwe la mizani, wapi. Nikatoka barabarani, tope tupu, hakuna gari wala baiskeli. Nusu saa ikapita hivyo. Na muda wote huo nilijua kwamba mtaa mzima anayeelewa simu ni mmoja, yuko nyumba ya pili. Nilimwonea haya, ndugu zangu. Ningemtazama vipi usoni?

Salha ndiye aliyesema, "Mwite Febronia."

Alikuja na kitambaa chake cheusi cha msiba. Alinyanyua mkono wa simu, akaanza kugonga kwa kidole kile kitufe ambacho mkono huo hulazwa juu yake, kumbe ndivyo namba inavyopigwa bila kuizungusha: mara tatu, akatulia, mara moja, akatulia, mara nne. Midomo ilikuwa inahesabu.

"Haloo, hospitali?"

Gari likaja. Salha alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona, na daktari alisema mama angewahi kidogo tu, labda.

Haidari alirudi kesho yake. Alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Febronia, akasimama pale viatu vimejaa tope.

"Kumbe siku zote ulikuwa unaweza kuipiga simu yangu?"

"Naweza."

"Ulikuwa unashinda kibarazani kwangu. Mimi niko msikitini, niko safarini. Mbona hukupiga hata siku moja kumjulia hali mama yako?"

"Ulikuwa umeifunga, kaka. Nikajua hutaki."

Haidari alikaa pale pale kizingitini, akalia mbele ya watu. Nami nikamwambia Febronia kwamba Jumanne ile nilikuwepo. Hakunijibu, na bado hajanijibu.

Funzo

Linganisheni bei za simu, si vibaya, fedha ni ngumu. Fungeni na kufuli mkitaka. Lakini ujumbe wa mgonjwa haumgharimu anayepokea hata senti, ni hatua kumi tu za kwenda kumwita jirani. Asiyetaka kuzitembea atakuja kuwahitaji watu wale wale. Na wewe unayesikia ubaya ukanyamaza ili usikose fadhila, usijione msafi. Mimi nilikuwa na mdomo siku ile.