Sauti Mbili Ghalani

Hivi wewe, umewahi kumsikia mkeo, uliyemzika kwa mikono yako, akibishania bei ya unga?

Mtunza ghala alimsikia, tena mchana kweupe. Zamani pale palijaa makarani na kelele zao. Kampuni ikawatimua wote, wenye digrii wakaambiwa wakajiajiri, zikaletwa programu zinazojiagizia mzigo, kujipangia malori na kuwapigia simu wauzaji bila kumuuliza binadamu yeyote. Very smart, wakasema. Na kwa kuwa wauzaji walimzoea karani wa manunuzi, mke wa mtunza ghala, sauti yake ikachukuliwa kutoka simu za kazini, programu ikavishwa, mwenyewe ana mwezi tu kaburini. Mume hakuombwa ruhusa. Alibakishwa peke yake, wa kufungua mlango.

Akavumilia. Hadi adhuhuri moja, spika ya ile programu imenyamaza, ikaja harufu ya mafuta ya nywele ya mkewe, kisha sauti, taratibu: "Mzee wangu, umekula?"

Hayo hayakuwamo kwenye simu yoyote. Aliyasema jikoni kwao tu, amempa mgongo. Na ukiitwa na usiyemwona, huitiki, nani hajui? Lakini mtu asiyesemeshwa kutwa nzima atafanyaje?

"Bado, mama," akaitika.

Kesho yake muuza sukari akapiga simu kuulizia oda aliyoagizwa jana na mtunza ghala mwenyewe, kwa sauti yake kabisa. Mtunza ghala akataka kukana. Ikatoka pumzi tupu.

Dada yake akamleta mganga. Akafukiza, akatega sikio, akafunga mkoba.

"Jini namjua kwa kiti chake, yule anayempanda," akanong'ona. "Kiti cha huyu ni kampuni. Huko mkono wangu haufiki."

Sasa kila adhuhuri sauti mbili, ya mke na ya mume, huzungumza juu ya magunia na malori na barabara zilizoharibika, kisha hutaniana, kisha hucheka kile kicheko chao cha chumbani, naye amesimama katikati ya rafu, mdomo wazi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

Haya, wakurugenzi, ninyi mliotia saini mkaiita efficiency: zimeni mtambo huo leo, mbele yake. Mrudishieni sauti yake. Na ya mkewe, mpeni akaizike.