Msusi na Taya Lililosinyaa

Saluni ya Msusi ilikuwa na viti viwili tu, lakini haikukosa watu. Wengine walikuja kusukwa. Wengine walikuja kumsikiliza, maana alijua kusimulia.

Siku moja alikuwa akimsuka jirani yake, muuguzi wa kliniki ya meno. Akasimulia kisa, akacheka, na meno yake ya bandia ya chini yakamtoka. Yakaangukia mapajani mwa muuguzi.

Wateja wakageuza macho. Muuguzi akayafunika kwa leso, akamrudishia.

Tangu hapo Msusi akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa tu. Nyumbani alikula jikoni, peke yake. Mumewe, seremala, akimwita mezani, alijibu, "Nimeshiba."

Muuguzi akamfuata nyumbani.

"Dada, twende ukamwone daktari."

"Nilishaambiwa taya langu halina mfupa. Meno ya kudumu hayashiki."

"Jino likitoka, mfupa uliolishika hukosa kazi, unasinyaa. Wewe umekaa miaka mingi bila meno. Lakini njia si moja."

Msusi akaenda na mumewe. Daktari akampiga picha ya taya, akawaonyesha.

"Kipandikizi ni kama skrubu ndogo inayokaa ndani ya mfupa. Huku nyuma mfupa wako ni mwembamba sana."

"Ubao mwembamba ukiutia skrubu unapasuka," mumewe akasema.

"Ndiyo hivyo, Mzee. Tunaweza kupandikiza mfupa kwanza, kisha tungoje miezi ushike. Taya la juu likiisha kabisa, wengine huwekewa vipandikizi virefu vinavyoshika mfupa wa shavu. Lakini kwako, Mama, hapa mbele pamebaki mfupa wa kutosha. Vipandikizi viwili vitayabana meno ya bandia. Utayavua kila siku kuyasafisha."

"Basi niwekee leo."

"Leo hapana. Vipimo vinaonyesha sukari yako iko juu. Kidonda hakitapona vizuri, na kipandikizi kinaweza kulegea."

Msusi alirudi nyumbani amenuna. Hata hivyo alimeza dawa zake za sukari bila kuruka, akaangalia anachokula. Sukari iliposhuka, akachomwa ganzi, akawekewa vipandikizi. Kidevu kikavimba.

"Umerudi kuwa mnene kama nilipokuoa," mumewe akamtania.

"Subiri nipone, nitakujibu."

Wakangoja mfupa ushikane na vipandikizi. Ndipo daktari akayabana meno mapya. Yakalia *ta*, yakatulia. Msusi akajaribu kuyasukuma kwa ulimi. Hayakusogea. Akamgeukia mumewe na kumpa majibu yote aliyokuwa amemwekea, na daktari akalazimika kutoka nje acheke.

Sasa, msichana mwenye pengo mdomoni akija kusukwa, Msusi huanza na hilo.

"Jino liling'oka lini?"

"Zamani kidogo, Shangazi. Haliniumi."

"Mfupa hauumi ukisinyaa, mwanangu. Nikikumalizia hizi nywele, nenda kliniki."