Honi ya Baba

Kila jioni baada ya shule, Dina aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akaketi kando ya kitanda cha bibi yake. Nyumba yao ya Misigiri haikuwa mbali na lami. Baba yake, Chediel, aliendesha lori la dagaa kutoka Mwanza, na kila alipopita alipiga honi ndefu ya kumsalimu mama yake. Mara nyingi hakuweza kusimama, kwani mzigo ulisubiriwa. Bibi aliitikia honi ile kwa Kinyiramba, utadhani mwanawe yuko mlangoni.

Alhamisi moja Bibi alizidiwa. Hakula wala kunywa, alitaja tu jina la mwanawe. Mama Dina alimshika mkono, akamgeukia binti yake.

"Chukua simu, Dina. Mwambie baba yako leo asipitilize. Mama yake anamwita."

Dina alitoka uani. Rafiki zake Belinda na Ritha walikuwa wakimngoja wacheze rede. Simu ilipokelewa na Shamte, utingo wa lori, kwa kuwa Chediel hakushika simu akiwa kwenye usukani.

"Shikamoo, kaka Shamte. Mwambie baba asimame nyumbani. Bibi kazidiwa."

"Marahaba... nani?... Bibi... tunakaribia Sekenke... sawa, sawa..."

Sauti ilikatikakatika, ikarudi, ikapotea kabisa. Dina alipiga tena, hakumpata. Uwanjani mpira ulikuwa umeshaanza kurushwa. Alijisemea moyoni, si amesema sawa?

"Amesikia?" Mama aliuliza.

"Amesikia, Mama. Wanakuja."

Mama akamwinamia mgonjwa, akampa habari hiyo. Bibi aliomba avikwe khanga yake mpya na kuegemezwa kwenye mito. Tangu asubuhi hakuwa ameomba kitu kingine.

Jua lilipoanza kuzama, honi ililia. Bibi alifumbua macho, akaugeukia mlango. Dina aliacha mchezo, akakimbilia barabarani, akalipungia lori kwa mikono yote miwili. Shamte naye alimpungia, akitabasamu. Lori likapita mbio kuelekea Singida.

Dina alirudi ndani. Bibi bado aliutazama mlango.

"Mbona haingii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Dina alianza kulia. "Mama, nilidanganya. Sijui kama alisikia."

Mama alichukua simu. Alipiga, akapiga tena na tena, hadi alipowapata wakiwa wanakaribia Singida. Chediel aligeuza lori papo hapo. Alipoingia, kofia mkononi, mama yake alikuwa amekwisha kufunikwa kwa ile khanga mpya. Aliketi sakafuni, akalia kama mtoto.

"Nilisikia 'Bibi' na 'nyumbani' tu," Shamte alisema kwa uchungu. "Nikadhani ni salamu."

Baada ya mazishi Dina alijificha jikoni. Shangazi yake Loyce, fundi wa minara ya simu huko Dodoma, alimfuata, macho yake yamevimba kwa kulia.

"Shangazi, mnara upo. Kwa nini simu ilikatika?"

"Gari likikimbia, njia ya mawimbi hubadilika kila mara. Sasa hivi yanafika moja kwa moja, punde yanagonga mlima. Ndiyo maana simu na mnara hupeana ishara bila kuchoka, ili kupima njia ikoje wakati huo. Kipimo cha mwanzo hakifai tena gari likishasogea. Pale Sekenke mlima ulivishinda vyote viwili. Hilo si kosa lako."

Dina aliinamisha kichwa. "Kosa langu ni kusema amesikia."

"Ndiyo. Ungesema huna hakika, mama yako angemtuma mtu barabarani alisimamishe lori. Ukitumwa ujumbe, mwulize aliyeupokea amesikia nini. Asipoweza kuurudia, bado hujaufikisha, na useme hivyo, hata kama wenzako wanakungoja. Mama yangu harudi, Dina. Lakini wewe utatumwa tena."

Wiki iliyofuata Chediel alirudi barabarani, na Mama akamtuma Dina apige simu kumwomba alete unga. Shamte aliposema sawa, Dina hakukata.

"Kaka Shamte, nimesema nini?"

Alingoja mpaka Shamte akaurudia ujumbe wote. Jioni honi ndefu ililia barabarani, kwa mazoea. Kitanda cha Bibi kilikuwa kitupu. Dina alisimama mlangoni, akaiitikia kwa Kinyiramba, kama alivyokuwa akifanya Bibi.